Siku niliyofungua mdomo, nikapewa barua ya onyo

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Bombo, sasa nimepanga chumba Kisaasi hapa Kampala. Kazi yangu ni kupima programu za simu kabla hazijawafikia watu. Mama huwaambia majirani kuwa natengeneza kompyuta, nami nimeacha kumsahihisha.

Sikuisomea kazi hii. Kampuni yetu inakopesha watu pesa ndogo ndogo kwa simu, na mimi niliajiriwa kupokea simu za wateja waliokasirika. Nilikuwa naandika malalamiko yao kwenye daftari: tarehe, aina ya simu, mtandao gani, alibonyeza nini kwanza. Siku moja bosi aliliona daftari lile akasema, "Kuanzia Jumatatu utakuwa unapima wewe kabla wateja hawajalalamika." Ikawa hivyo. Hakuna mafunzo, hakuna wa kuniongoza. Huu ni mwaka wa tatu. Wasanidi, yaani waandishi wa programu, wako tisa, testa (mpimaji) ni mimi peke yangu, na jina langu ofisini ni Mbofyaji. Wanalisema kwa kicheko. Nami nacheka.

Mwaka juzi nilijiunga na jumuiya ya matesta mtandaoni. Wamo watu wa India, Uingereza, Nigeria, Kenya, kila pembe. Nilikuwa nasoma usiku bando likiruhusu (na bando lenyewe tangu 2021 tunalilipia kodi ya asilimia 12). Niligundua kuwa mambo niliyokuwa nayafanya kwa udadisi wangu yana majina. Kwa mfano, nilikuwa na mazoea ya kuomba mkopo wa shilingi 0, halafu 1, halafu kiwango cha juu kabisa, halafu kiwango hicho na shilingi moja juu yake. Kumbe huko jambo hilo linaitwa kupima mipaka, na linafundishwa darasani! Nilifurahi kama mtu aliyekuta picha yake ukutani kwa jirani.

Lakini Shangazi, kwa miezi 18 sikuandika hata neno moja. Kiingereza changu ni cha kusomea. Nilikuwa natunga swali dakika arobaini, nalisoma mara tatu, nalifuta.

Mwezi wa nane nikapata shida kweli kweli. Wateja kadhaa walikatwa malipo mara mbili kwa mkopo mmoja. Mimi nikijaribu ofisini, haitokei. Wasanidi wakasema kama haitokei kwangu basi haipo. Usiku ule nikapiga moyo konde, nikaandika swali langu la kwanza, na ili nieleweke nikaweka picha ya skrini niliyotumiwa na mteja. Ndani ya dakika chache mwanamke mmoja wa Nairobi akaniandikia faraghani: "Mdogo wangu, ondoa hiyo picha upesi, jina na namba ya mteja vinaonekana." Nikaiondoa na swali lake, mikono inatetemeka. Kumbe msanidi wetu mmoja naye yumo kwenye jumuiya hiyo. Asubuhi bosi alikuwa na habari yote. Nilipewa barua ya onyo na kuambiwa niache mambo ya makundi ya mtandaoni.

Tangu siku hiyo sijarudi kuandika. Ila yule dada wa Nairobi hajaniacha. Anasema kuna kazi za kufanyia nyumbani, nimwonyeshe kazi zangu. Nimwonyeshe nini? Kila nilichopima ni siri ya kampuni. Juzi tu tulikuwa tunabishana ofisini kuhusu ujumbe wa kukumbusha malipo unaosema "Lipa kabla ya saa 2". Mfumo unafunga saa nane mchana, wateja wanalipa jioni wakidhani ni saa mbili ya usiku, wanapigwa faini. Nikaambiwa wateja wajifunze kusoma saa. Mambo ya namna hiyo ndiyo kazi yangu, madogo madogo, nani atayataka?

Nimeweka akiba shilingi 1,400,000. Sijui nilipie mtihani wa ISTQB, cheti cha kimataifa cha upimaji wa programu, au ninunue kompyuta ya mkononi iliyotumika, maana ya ofisini siruhusiwi kuibeba. Bosi pia anasema nisipojifunza majaribio ya kiotomatiki (yale yanayofanywa na mashine yenyewe) hadi mwakani, hana haja na mbofyaji. Na kampuni inataka kuvuka mpaka wa Busia kuanza kukopesha Kenya, kwa hiyo kazi itaongezeka.

Nijitoe kwenye jumuiya ile? Hata mikutano yao sina bahati nayo. Mwezi wa kumi na moja nilifungua saa mbili usiku kama kawaida, nikakaa dakika ishirini peke yangu, hakuna mtu, bando likaisha.

Mbofyaji, Kisaasi

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Buganda, ssenga, yaani shangazi, humfunda binti mambo ya ndoa. Huyu wa safu hii anafunda mambo ya ajira, na ukali wake ni ule ule, kwa hiyo tuanze na panapouma.

Bosi wako alikuwa na haki ya kukuonya. Mwanamke aliyekopa shilingi 50,000 amalizie ada ya mtoto hakukubali jina lake lisomwe Bangalore na London. Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na deni la mtu na namba yake ya simu ni katika mambo ambayo sheria hiyo inayalinda. Kampuni ingeweza kuingia matatani kwa sababu yako. Usijitetee kwa "nilitaka nieleweke." Siku nyingine tengeneza mteja wa kubuni kwenye mfumo wa majaribio, mpe jina Mteja Mfano, rudia hatua zote, ndipo upige picha. Na usifunike namba kwa ile kalamu ya kuchorea ya simu: wino wake mara nyingi unapitisha mwanga, mtu akiongeza mng'ao wa picha anazisoma tarakimu zote.

Lakini tazama nani alikuokoa. Ofisini kwako kuna watu kumi na hakuna aliyewahi kukufundisha jambo hilo. Alikufundisha mgeni wa Nairobi, kwa dakika chache, faraghani, akakuita mdogo wangu. Ungekuwa umebaki na kimya chako, ungeendelea kupiga picha hizo na kuzituma kwa WhatsApp ya ofisi miaka mingine mitatu. Testa aliye peke yake kwenye kampuni ana tatizo moja ambalo bidii hailitibu: hakuna anayejua kazi yake vya kutosha kumwambia amekosea. Wasanidi wanaweza kukuambia hitilafu uliyoiona haipo. Hawawezi kukuambia ni hitilafu gani ulipaswa kuitafuta ukaisahau. Hilo utalisikia kwa testa mwenzako tu. Kwa hiyo hapana, usijitoe.

Kuhusu katazo la bosi, usiligeuze kuwa vita wala usiende kinyume chake kwa siri, kwani yule msanidi bado yumo. Andika ukurasa mmoja. Eleza kuwa hutataja jina la kampuni, hutaweka picha ya mfumo wake, hutatoa taarifa ya mteja wala hitilafu ambayo bado haijarekebishwa. Eleza pia unachotaka kukifanya: kuuliza mbinu, kujifunza zana, kusoma. Mpelekee asubuhi, kabla mafaili hayajamjaa mezani, umwombe aandike kuwa amekubali. Mabosi wengi wanaogopa wasichokijua. Akiuona mpaka umechorwa, atapumua. Akikataa hata hivyo, mambo ya kampuni yabaki kabisa nje ya jumuiya, lakini usiku wako na simu yako ni mali yako.

Swali lako uliliondoa kabla halijajibiwa, basi nikujibu mimi. Haitokei ofisini kwa sababu ofisini kuna Wi-Fi nzuri. Mteja wako yuko kwenye takisi anatoka Old Taxi Park, ana simu ya bei nafuu, mtandao unakwenda na kurudi. Anabonyeza Lipa. Ombi linafika kwenye seva (kompyuta kuu ya kampuni), pesa inakatwa, lakini jibu la kurudi linapotea njiani. Simu haina habari, inadhani haikufaulu, inatuma tena, au mteja mwenyewe anabonyeza tena. Basi wewe bonyeza Lipa, hesabu moja, halafu weka simu kwenye hali ya ndege. Subiri nusu dakika, rudisha mtandao, uone. Rudia ukibadilisha muda: mara nusu sekunde, mara sekunde tatu. Ukiipata, mwambie msanidi kila jaribio la malipo lipewe namba yake ya kipekee, tangu mteja anapobonyeza, ili seva ikiiona namba ile ile mara ya pili ijue ni ombi la kwanza limerudi. Hakuna siri ya kampuni yoyote katika hayo niliyoyasema. Swali lako lingeweza kuulizwa bila picha, kwa mistari minne.

Sasa nikupe kisa changu, usidhani nakuhubiria kutoka juu ya mnazi. Mwaka 2012 nilikuwa napima mfumo wa mikopo wa taasisi moja hapa mjini. Januari niliona kuwa mkopo unaoishia Februari 29 unaleta tarehe ya ajabu. Nikaandika kwenye ripoti: "Tarehe inasumbua, tafadhali angalieni." Maneno manne! Hakuna aliyeangalia. Tarehe 29 ilipofika, mikopo yote ya siku hiyo ilihesabiwa kuwa imechelewa, na foleni ya wateja ilitoka mlangoni hadi barabarani. Nilikuwa na haki, lakini haki yangu ilikuwa imeandikwa vibaya. Nilipokuja kujiunga na matesta wa mtandaoni nikasoma ripoti za wenzangu, niliona aibu peke yangu chumbani. Mtu wa nchi nyingine, anayetumia mfumo nisioujua, ameandika hitilafu yake hivi kwamba ningeweza kuirudia mimi nikiwa Bukoto.

Ndiyo maana nilipofika kwenye lile jambo lako la saa, ulilolitupa mwishoni kama ganda la ndizi, nilisimama. Unasema nani atayataka madogo haya. Mwanangu, hilo ndilo jambo la maana kuliko yote katika barua yako. Testa wa London anaweza kupima mfumo huo mwezi mzima asilione kamwe, kwa sababu kwake saa 2 ni saa 2. Kwetu siku inaanza jua linapochomoza, kwa Kiswahili na kwa Luganda vile vile, na aliyetafsiri ujumbe alihamisha tarakimu akaiacha maana. Hebu uandike upya jambo hilo kama la kampuni ya kubuni. Mimi ningeliandika hivi:

"Ujumbe wa kukumbusha unasema: Lipa kabla ya saa 2. Mfumo unafunga malipo saa 14:00. Anayehesabu saa kwa Kiswahili au Luganda anaelewa 20:00. Hatua: chagua lugha ya Kiswahili, kopa shilingi 50,000, subiri ujumbe wa siku ya mwisho, lipa saa 15:00. Nilichotarajia: malipo yapokewe bila faini, maana kwa mujibu wa ujumbe muda haujaisha. Kilichotokea: faini. Wanaoumia: kila mteja aliyechagua Kiswahili au Luganda, si wanaotumia Kiingereza. Pendekezo: andika saa 8 mchana."

Soma mstari wa wanaoumia mara mbili. Wasanidi wako walisema wateja wajifunze kusoma saa kwa sababu uliwaletea jambo hilo kama ubishi. Likija na idadi ya faini zilizotozwa kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku kwa wateja wa Kiswahili, ukilinganisha na wa Kiingereza (unaweza kuipata, omba), litakuwa hesabu ya pesa, na bosi anajua kuhesabu.

Na mkivuka Busia, nenda na jambo jingine mfukoni. Katika kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, shilingi ya Uganda haina senti, lakini ya Kenya ina tarakimu mbili baada ya nukta. Mifumo mingi ya malipo hutuma kiasi katika kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Kwa hiyo 500 kwetu ni shilingi mia tano. Kwa Kenya ni senti mia tano, yaani shilingi tano. Msanidi aliyezoea ya Uganda atakopesha shilingi tano au atadai mara mia. Kapime hilo siku ya kwanza. Baadaye, bila kutaja kampuni, lipeleke kwenye jumuiya kama swali: nyie mnapimaje sarafu zisizo na senti? Watakujibu watu wa Rwanda na Japani, maana nao sarafu zao ni hivyo hivyo.

Unaona ninakokupeleka. Watu huingia kwenye jumuiya hizi kama wanaoingia sokoni kutafuta kazi, wanasema "mimi ni testa, naomba nafasi," halafu wanalalamika hakuna aliyewajibu. Wengine kama wewe wanakaa nyuma ya pazia wakikusanya semina. Wa kwanza na wa pili, wote hawajulikani. Anayejulikana ni aliyeleta kitu cha kwake, hata kidogo, wenzake wakakigeuza geuza. Mwaka 2009 vijana wachache wa Bangalore walianza Weekend Testing: matesta walikuwa wanakutana mtandaoni mwisho wa wiki, wanapewa programu moja, wanaipima pamoja kwa muda mfupi, kisha wanajadili kila mmoja aliona nini na kwa nini mwingine hakukiona. Hakukuwa na cheti wala hotuba. Ministry of Testing, jumuiya ya matesta ya Uingereza, ambayo Rosie Sherry aliianza 2007 kwa jina la Software Testing Club, ina desturi kwenye makongamano yake ya kumpa mtu yeyote jukwaa kwa sekunde 99 aseme jambo moja. Sekunde 99! Jambo lako la saa linatosha humo na sekunde zinabaki.

Utaniambia Kiingereza. Nimelisikia hilo kwa mabinti wengi, na wavulana pia ila wao hawasemi. Rudi ukaitazame ripoti niliyokuandikia hapo juu. Sentensi ndefu ziko ngapi? Ripoti nzuri ina sentensi fupi na vitenzi vya kawaida: fungua, chagua, bonyeza, subiri. Watu wa India, Poland na Brazil walioko humo hawakuzaliwa na Kiingereza, na wanaandika hivyo hivyo. Ukitaka, andika kwanza kwa Kiswahili, kwa mpangilio wa lile daftari lako la malalamiko, kisha tafsiri mstari kwa mstari. Jipe dakika kumi na tano, si arobaini. Zikiisha, tuma. Ukikosea sarufi hakuna atakayekuandikia barua ya onyo.

Anza kwa kujibu, usianze kwa kuuliza. Hili silioni likisemwa sana. Kila siku kuna mtu mgeni kuliko wewe anayeuliza jambo unalolijua, kwa mfano namna ya kupima programu kwenye simu yenye nafasi ndogo, au malipo ya kubofya nyota na reli kwenye simu ya vitufe. Wewe umepokea simu za wateja hao. Jibu mistari mitatu kwa mtu mmoja kila wiki. Baada ya miezi michache jina lako halitakuwa geni tena, na siku utakayouliza watu watakukimbilia.

Kuhusu kazi ya kuonyesha: ya kampuni iache, tafuta ya wazi. Kuna programu huria ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzipima na kuripoti. Iliyo karibu nasi ni OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004 na kukulia hospitalini Eldoret, na vituo vya afya vya hapa Uganda vinatumia mfumo uliojengwa juu yake. Ina mahali pa majaribio palipo wazi mtandaoni, wagonjwa wake ni wa kubuni. Ingia, andikisha mgonjwa mwenye jina moja tu, mwenye jina la ng' yenye kistari chake juu, Ssemakula mwenye s mbili, mtoto aliyezaliwa leo, mzee asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa. Wazee wangapi wa Bombo wanajua tarehe? Ukipata hitilafu, kwanza tafuta kama imesharipotiwa, maana ripoti ya pili ya jambo lile lile inawachosha wenyewe. Kisha iandike. Ripoti tano nzuri zenye jina lako, zilizo wazi kwa kila mtu kusoma, ndizo utakazomtumia dada wa Nairobi.

Ila usije ukaenda "kupima" programu ya benki au ya mobaili mani ya mtu kwa kujaribu kuingia usipoalikwa, hata kwa nia njema, hata kama kuna kijana mtandaoni anakutia moyo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 haiulizi nia yako kwanza. Mwenye programu awe ameruhusu upimaji, na iwe imeandikwa.

Pesa sasa. Nunua kompyuta. Sifikirii mara mbili hapo, kwa sababu bila kompyuta yako huna pa kufanyia hayo yote, na cheti hakitakupa. Tafuta yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 8 au zaidi, na kabla hujalipa iwashe, ikae imewaka nusu saa nzima mbele ya muuzaji, upime betri, kibodi kila herufi, na Wi-Fi. Wewe ni testa, usinunue kwa macho. Cheti cha ISTQB sikidharau. Matangazo mengi ya kazi yanakitaja na kinampa mtu asiyesoma chuoni msamiati wa pamoja. Lakini mtaala wake wa ngazi ya msingi unapakuliwa bure kwenye tovuti yao. Toleo lake la 4.0 lilitoka 2023, mitihani ya zamani utakayokuta mtandaoni isikuchanganye. Usome huku unaweka akiba upya. Mtihani una maswali 40 kwa dakika 60, unafaulu kwa majibu sahihi 26, na kama lugha ya mtihani si lugha yako ya kwanza wanakuongezea robo ya muda, ikawa dakika 75. Omba nyongeza hiyo unapojiandikisha. Watu wetu wengi hawaiombi kwa kuona haya.

Majaribio ya kiotomatiki bosi wako anayasema kama kitisho, na hajui anachokisema. Mashine inarudia ulichokwisha kukijua. Haitaona kuwa saa 2 si saa 2. Hata hivyo jifunze, kwa ajili yako. Bidhaa yenu ni ya simu, kwa hiyo zana iitwayo Appium itakufaa, na kwa tovuti kuna Selenium iliyoanzia Chicago 2004 au Playwright ya Microsoft ya 2020. Zote ni za bure. Chagua moja, uiachie jambo moja la kuchosha, kama lile la kuingiza 0, 1, kiwango cha juu na moja zaidi kwa kila toleo jipya. Likifanya kazi, mwonyeshe bosi dakika ulizookoa.

Dada wa Nairobi usimwombe kazi. Mtumie ripoti moja, umwambie, "Dada, nikosoe." Mtu huyo alishakukosoa mara moja ukiwa hujamwomba, atafurahi ukimwomba. Kazi ikitokea atakutaja mwenyewe. Akitokea mwingine humo anayekutaka utume "ada ya usajili" kwa simu ili upate kazi ya kupima kutoka ng'ambo, mfute papo hapo. Kampuni zinazolipa matesta haziwatozi.

Na ule mkutano wako. Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Sisi hatuna desturi hiyo. Mkutano wa saa 18:00 za London, ambao miezi ya Aprili hadi Oktoba ni saa mbili usiku kwako, mwezi wa kumi na moja ulikuwa saa tatu. Hawakukukimbia, mwanangu. Ulifika mapema.

Shangazi